Majina Yalifichwa

Nanjala hakupenda kuitwa mtoa habari. Alisema neno hilo linanuka kituo cha polisi, na kwamba kama Ajiko alikaa chuo kikuu miaka minne ili arudi nyumbani kumwita hivyo, basi heri angesomea ushonaji. Ajiko akacheka, akamweleza kuwa katika sosholojia mtoa habari ni mtu wa heshima sana, ndiye mwalimu wa mtafiti.

"Sasa huyo mwalimu analipwa?"

"Halipwi, mama."

"Basi kweli ni mwalimu," Nanjala alisema, akavuta kigoda karibu na jiko. "Haya, uliza."

Hivyo ndivyo utafiti ulivyoanza, mwezi wa Machi, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya maegesho ya malori pale Malaba. Ajiko alimwita Nanjala mama, ingawa si yeye aliyemzaa. Mama yake mzazi, dada mkubwa wa Nanjala, alifariki Ajiko akiwa darasa la tano. Baba yake, Mteso wa Chakol, alioa tena kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, na mke mpya hakuficha kwamba mtoto wa mwenzake alimjazia nyumba. Nanjala akaja na begi moja, akamkusanyia Ajiko nguo na vitabu, akaondoka naye bila kuketi wala kunywa maji. Wakati huo Nanjala mwenyewe alikuwa mjane. Mumewe, Mulama wa Khunyangu, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akamwachia binti wa miaka mitano, Sharlyne. Tangu siku hiyo wasichana wakawa wawili, na aliyesema mmoja si wake alijitafutia maneno.

Nanjala aliuza mayai. Pamoja na wanawake wengine watano alivuka Mto Malaba jioni, akalala upande wa Uganda kwa mwanamke aliyeitwa Alinga, ambaye ndiye aliyewauzia mayai. Alfajiri walirudi, kila mmoja na trei kumi kichwani zimefungwa kwa kitambaa. Hawakupita geti la mpaka. Sheria iliwaruhusu kupita na mzigo mdogo namna hiyo, na Ajiko aliijua sheria hiyo kwa kifungu. Hata mada yake ya mwaka wa nne ilikuwa hiyo: kwa nini wanawake wenye biashara ndogo hutumia njia za panya ilhali njia halali iko wazi. Jibu lake kila mtu Malaba analijua, hata mbuzi. Yai halingoji juani saa tatu nzima huku mwenye cheo akiamua leo ameamkaje. Lakini chuo hakitaki jibu linalojulikana na mbuzi. Kinataka sura tano.

Nanjala akamtambulisha kwa mwenzake Amoding, kiongozi wa lile kundi, na Amoding akamtambulisha kwa wengine. Ajiko akawaambia kwamba njia hiyo ya kupata watu vitabuni inaitwa mpira wa theluji. Ilibidi aeleze theluji.

"Huku sisi tunaita umbea," Amoding akasema, na wanawake wakacheka mpaka trei zikatikisika.

Amoding hakuwa mtu wa kuamini watu haraka. Ni yeye aliyewaambia wenzake, "Huyu ni mtoto wa Nanjala. Mwambieni yote." Wakamwambia yote. Walimwambia habari ya njia tatu: ya Kanisani, ya Tanuri, ambapo watu huchoma matofali, na ya Mikaratusi. Walimwambia habari ya leso, kanga za kujifunga. Kila alfajiri mmoja wao, aliyekuwa zamu, hakulala Uganda. Alibaki upande wa Kenya, akakagua njia, kisha akaanika leso kwenye ua wa nyumba moja unaoonekana kutoka ng'ambo. Leso ya bluu, vukeni. Nyekundu, ngojeni. Kwa miaka tisa walivuka hivyo, na hakuna aliyewahi kupoteza zaidi ya mayai.

Ajiko alikuwa mwangalifu, tena mno. Maadili ya utafiti alikuwa ameyakariri kama Baba Yetu. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Kila mwanamke alipewa namba, na Nanjala akawa Mtoa Habari Namba Moja. Hapo ndipo alipoanza kulipenda lile neno. "Namba moja kati ya wangapi?" aliuliza. Alipoambiwa kati ya sita, alitikisa kichwa kama mtu aliyepita mtihani.

Msimamizi wake chuoni, Daktari Eriaku, alisoma rasimu ya sura tatu za kwanza, akapigia mstari sentensi iliyosema majina yote yamefichwa ili kulinda utu wa washiriki. Pembeni aliandika: vizuri sana. Chini yake akaandika: ramani ya eneo iko wapi? Na mfumo wao wa mawasiliano, uueleze kwa kina. Ajiko akarudi Malaba, akachora ramani kwa mkono kwenye karatasi kubwa. Nanjala alimsaidia. Aliinama juu ya karatasi na kidole chenye unga, akamwonyesha alipokosea: mtaro uko upande huu, tanuri liko juu zaidi, hapa maji ni ya magoti na pale ni ya shingo. Kisha Ajiko akaandika kurasa mbili nzima kuhusu leso, kurasa nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Ilibaki barua ya ruhusa. Chuo kinasema mtafiti asikusanye habari mahali bila kibali cha wenyeji wenye mamlaka, na hilo nalo ni sehemu ya maadili. Ajiko alipeleka rasimu yake katika ofisi mbili tatu hapo mpakani. Katika ofisi moja afisa mpole alimkaribisha kiti, akafungua kurasa, akasoma kweli, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifanya isipokuwa msimamizi wake anayelipwa kusoma.

"Hii kazi ni safi, dada," alisema. "Naweza kutoa fotokopi ya sura ya tatu, tuweke kwa faili?"

Ajiko alisema ndiyo. Hata alimsaidia kunyoosha ramani juu ya kioo cha mashine, kwa kuwa ilikuwa kubwa na pembe zilijikunja. Alitoka pale na kibali chenye mhuri, moyo mweupe, akamnunulia Nanjala kilo moja ya nyama.

Wiki tatu baadaye alikuwa chuoni simu ilipolia saa moja asubuhi. Alikuwa Amoding, na Amoding hakuwa mtu wa kupiga simu. Alisema, "Ajiko, njoo. Mama yako ameenda na maji."

Mvua za Mlima Elgon zilikuwa zimeujaza mto. Alfajiri hiyo Amoding ndiye aliyekuwa zamu. Aliona nyayo za viatu vizito kwenye njia ya Tanuri, akaanika leso nyekundu, akaenda nyumbani kuwasha moto. Alipoondoka, askari waliokuwa wamejificha nyuma ya matofali walitoka, wakaingia katika nyumba yenye ule ua, wakatafuta mpaka wakapata leso ya bluu, wakaianika badala ya nyekundu. Wanawake watano wakaona bluu wakaingia majini. Walipofika katikati, askari wakajitokeza. Wanne walitupa trei wakarudi Uganda. Nanjala hakutupa. Aligeuka na trei zake kumi kichwani, akijaribu kukimbia katika maji ya kiuno, akakanyaga pasipo na kitu. Walimpata siku ya pili, mbali chini, kwenye matete.

Amoding alimsimulia Ajiko hayo yote nyuma ya chumba cha maiti, wakingoja gari. Alisimulia polepole, na alipofika kwenye leso alimtazama usoni.

"Hiyo ya leso, uliandika?"

"Niliandika."

"Na kuna mtu ulimpa asome?"

Ajiko alikuwa anaiona ile mashine, taa yake ikipita chini ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. Akakaa chini kwenye kokoto. Amoding alikaa kando yake. Ni yeye aliyewaambia wenzake wamwambie mtoto huyu yote, na hilo nalo alikuwa analijua.

"Sikia," Amoding alisema mwishowe. "Hii maneno iishe hapa. Sharlyne amebaki na wewe tu. Ukisema, atabaki na nani? Maliza masomo, upate kazi, umsomeshe. Hiyo ndio pole ya Nanjala. Umeskia?"

Ajiko alisema amesikia. Ni rahisi kusikia jambo unalolitaka.

Walimpeleka Khunyangu, kwa Mulama, maana mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe hata kama mume ametangulia miaka kumi na miwili. Wandera, ndugu yake Mulama, ndiye aliyesimamia matanga. Ilipofika habari ya kuandika maisha ya marehemu, hakuna aliyejadili. "Msomi si tuko naye hapa?" Wandera alisema. "Mtoto wetu atashika kalamu." Katika kila boma la upande ule aliyefika chuo kikuu ndiye huandika maisha ya marehemu na kuyasoma, na hapo hana ruhusa ya kukataa. Ajiko aliandika kuzaliwa kwake, shule alizosoma, ndoa yake, uimbaji wake katika kwaya. Alipofika mahali pa kueleza kifo aliandika: asubuhi ya Jumanne akiwa katika shughuli zake za kila siku, mama yetu aliteleza mtoni. Aliyasoma hayo siku ya mazishi mbele ya watu mia nne, kwa sauti isiyotetemeka, na wazee wakasema kweli elimu ni kitu.

Kabla hajaanza kusoma kulikuwa na kelele langoni. Alinga alikuwa amekuja kutoka Uganda. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyevaa gomesi ya njano iliyolowa jasho, na mikononi alishika trei moja ya mayai ya rambirambi. Wale wanawake wanne waliookoka walikuwa wamekwisha kuamua. Nani mwingine alijua habari ya leso? Nani aligombana na Nanjala mwezi uliopita kwa ajili ya mayai yaliyopasuka? Siku mbili kabla ya mazishi walikuwa wamevuka, wakavunja kila yai lililokuwa dukani kwake, na wakatangaza sokoni kwamba ameuza damu. Sasa walimzuia langoni.

"Banange, mimi nimekosa nini?" Alinga alikuwa analia. "Nanjala alikuwa analala kwangu. Miaka tisa! Wacheni nimuone tu."

Walimgeuza, na trei yake ikabaki chini, karibu na nguzo ya lango. Ajiko alikuwa hatua ishirini hivi kutoka pale, karatasi mkononi. Aliona yote. Aliona pia kwamba Amoding alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Kisha mwenye kipaza sauti akamwita, naye akaenda kusoma.

Siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa. Jamaa wa karibu wa marehemu huketi uani, na mkubwa wa boma huwanyoa mmoja mmoja, ili kila atakayekutana nao njiani ajue wamefiwa bila kuuliza. Kabla ya wembe kugusa kichwa, mambo ya marehemu husemwa yaishe: nani atakaa na watoto, nguo zitakwenda wapi, nani ana neno. Mwenye neno asiposema siku hiyo, amelimeza. Atakayenyoa alikuwa mama yake Mulama, ajuza aliyeitwa na wote Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa amesema waziwazi kwamba Ajiko atanyolewa pamoja na Sharlyne, tena alisema hayo mbele ya shemeji zake Nanjala, kwa sababu ni mtoto wa nyumba.

Alasiri ya siku ya pili Sharlyne alimfumua nywele. Ajiko alikuwa amesuka chuoni, rasta ndefu nyembamba zilizomchukua siku nzima, na wembe haupiti kwenye rasta. Aliketi kwenye gunia, Sharlyne kwenye kiti nyuma yake, na vidole vya msichana vilifanya kazi upole, upande wa kushoto kwanza. Hawakuwa wamekaa peke yao tangu msiba uanze. Sharlyne alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa analia bila sauti. Ajiko alijua tu kwa sababu matone yalimwangukia shingoni.

"Kesho Kukhu atamtaja Alinga," Sharlyne alisema. "Amesema atashika wembe, ataje jina lake, na huyo mtu hatazaa na hatavuna mpaka aingie kaburini. Mimi nimefurahi. Ni dhambi nikifurahi?"

Ajiko alivuta uzi wa gunia.

"Mama alikuwa anampenda sana huyo mtu, kumbe ni nyoka. Sijui alilipwa ngapi."

"Hakulipwa," Ajiko alisema.

"Umejuaje?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema anadhani tu, na vidole vingeendelea. Lakini alikuwa amechoka na nafsi yake. Ile trei iliyobaki langoni ilikuwa imemnyima usingizi usiku wa kwanza na wa pili.

"Nimejua kwa sababu ni mimi," alisema. "Niliandika habari ya leso kwenye projekti yangu. Nilichora njia zote. Nikapeleka ofisini kuomba kibali, wakatoa fotokopi. Alinga hajui chochote."

Vidole vilisimama. Ajiko alingoja. Kuku walipita, wakapekua, wakaenda. Aliomba moyoni kwamba Sharlyne ampige na chochote kilicho karibu, lakini Sharlyne alikuwa anawaza, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"Na ukasoma pale mbele ati aliteleza."

"Ndiyo."

"Na Alinga akifukuzwa ulikuwa umesimama."

"Ndiyo, Sharlyne."

"Kesho useme wewe mwenyewe. Mbele ya Kukhu. Usipunguze." Akainuka, akaingia ndani. Upande wa kulia wa kichwa cha Ajiko ulibaki umesukwa kama ulivyokuwa.

Asubuhi yake walikuwa watu thelathini hivi uani, wamekaa juu ya mikeka na majani ya ndizi. Amoding alikuwa amekuja pia, na wale wanawake wanne. Kukhu alikaa kwenye kigoda, beseni la maji miguuni, wembe mpya umefungwa katika karatasi yake. Wandera aliyamaliza ya nguo na ya shamba, akasema Sharlyne atakaa kwake mpaka amalize shule. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Ajiko akasimama. Upande mmoja nywele zake zilikuwa kichaka, upande mwingine rasta, na mtu mmoja nyuma alicheka kidogo akanyamazishwa. Amoding alimtikisia kichwa: usiseme. Sharlyne hakumtazama kabisa.

"Wakubwa wangu," Ajiko alianza, "katika mchakato wa kukusanya data, kulitokea hali ambapo taarifa nyeti—"

"Wewe mtoto," Kukhu akamkata, "ongea kama mtu wa hapa."

Hapo Ajiko akaongea. Alisema yote, kuanzia ramani hadi mashine, hadi karatasi aliyosoma siku ya mazishi. Alisema Alinga hana kosa. Hakutaja kwamba Amoding alijua. Ilichukua muda mfupi sana. Alishangaa jinsi jambo lililokula maisha ya mtu linavyoweza kusemwa kabla maji ya chai hayajachemka.

Mmoja wa wale wanne alipiga yowe, akataka kuinuka. Wandera alimshika mkono. Watu wote walimgeukia Kukhu.

Kukhu alikuwa ameukunjua wembe kutoka katika karatasi yake. Aliushika tu.

"Iyo karatasi," alisema, "ilikuwa ya nini?"

"Ya digrii, Kukhu."

"Umeshapewa?"

"Bado."

Kukhu alitikisa kichwa polepole kana kwamba amesikia bei ya kitu sokoni. Akamgeukia Wandera, akasema watu wawili waende Uganda leo, wapige magoti mbele ya Alinga, na wasirudi mpaka awape maji ya kunywa. Amoding akainuka. Alisema yeye atakuwa wa kwanza, na alipoulizwa kwa nini yeye, alisema ana sababu yake. Alifunga leso kiunoni, akatoka langoni bila kumuaga mtu.

Ndipo Kukhu akaanza kunyoa. Sharlyne alikuwa wa kwanza. Aliinama, maji yakamwagwa, na wembe ukapita kutoka paji la uso kwenda kisogoni, mstari kwa mstari, mpaka kichwa chake kidogo kikang'aa na masikio yakaonekana makubwa, ya mtoto. Akafuata mke wa Wandera. Wakafuata dada wawili wa Mulama. Ajiko alikuwa wa tano katika mstari, palepale Kukhu alipokuwa amemweka yeye mwenyewe. Aliinamisha kichwa. Aliyaona maji ya beseni, nywele za wengine zikielea juu, na miguu ya Kukhu yenye nyufa ikisogea hadi mbele yake na kusimama.

Kama Kukhu angetamka laana, Ajiko angeipokea, tena angeshukuru, maana laana hupewa mtu wa nyumbani. Kukhu hakutamka kitu. Ile miguu ikasogea hatua moja, na maji yakamwagika juu ya kichwa cha mtu wa sita.

Ajiko aliendelea kuinama mpaka wote walipomalizika, kwa kuwa hakujua mtu huinukaje kutoka hapo. Sharlyne alifagia nywele kwa mkono, akazikusanya katika jani la ndizi. Alipofika kwa Ajiko akazunguka. Hakukuwa na cha kufagia pale.

Aliondoka siku hiyo hiyo, kitambaa kichwani, kwa boda mpaka barabara kuu. Wandera alimsindikiza hadi langoni, akamwambia safari njema kwa adabu ile ile ya kuagana na mgeni. Njiani simu ililia: ujumbe wa Daktari Eriaku. Ajiko alikuwa amemwandikia jana usiku, akiwa bado Khunyangu, kwamba anataka kuiacha mada na kwa nini. Daktari alimpa pole kwa kirefu na kwa dhati, akasema hata yeye hakulala. Kisha akashauri asiache kabisa. Aondoe ramani na zile kurasa mbili, kazi iliyobaki inatosha kumpa cheti. Ajiko aliusoma ujumbe huo mara tatu. Alitamani kungekuwa na ubaya ndani yake.

Bwenini alimkuta Sylvia, mwenzake wa chumba, Mluhya wa Butula, jirani na Khunyangu, anakunja nguo. Walikuwa wameishi pamoja tangu mwaka wa kwanza, na simu za Sylvia zilikuwa hazijapokelewa wiki nzima.

"Ajiko! Wewe! Niliambiwa tu umeenda matanga, sikuambiwa ya nani. Pole, jamani. Nimekaa na hofu hapa." Akamvua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, haraka haraka, kabla Ajiko hajamzuia. Akaziona nywele. Akatoa pumzi ndefu.

"Hawajakunyoa," alisema. "Asante Mungu. Mimi nilikuwa nafikiri ni mama yako."

Ajiko aliokota kitambaa chake. Kinyozi alikuwa hapo nje ya lango la chuo. Kwa shilingi mia moja angeweza kuwa na kichwa kama cha Sharlyne kabla ya jioni, na hakuna mtu duniani ambaye angemwona na kujua kwamba alijinyolesha mwenyewe. Alikuwa amelifikiria hilo barabarani kutoka Busia, kilomita baada ya kilomita, na kila mara alirudi pale pale: anayejinyolesha mwenyewe ana nywele fupi tu.

"Kaa hapa nikumalizie," Sylvia alisema, akivuta kiti. "Nani huyu alikufumua nusu akakuacha hivi? Watu wengine hawana haya."

Ajiko aliketi sakafuni, kati ya magoti ya rafiki yake. Sylvia akaanza upande wa kulia, rasta moja baada ya nyingine, akimsimulia mambo ya darasani yaliyompita, nani amegombana na nani, mtihani umesogezwa lini. Ajiko akawa anaitikia. Alipoanza kulia, Sylvia alidhani anamvuta sana, akaomba msamaha, akalegeza mikono.